Joto la tangi la matumbawe huanzia chumbani

Mtu anayeanza kufuga matumbawe nyumbani huuliza swali moja kabla ya mengine yote: ninunue hita ya wati ngapi? Muuzaji humjibu kwa kanuni ya wati moja kwa kila lita, pesa inalipwa, hita inatumbukizwa majini, na inaonekana kazi imekwisha. Miezi ikipita, chumba kinabadilika. Linakuja joto la Februari la Dar es Salaam au baridi ya Julai ya Nairobi, na kipimajoto kinaanza kupanda na kushuka. Hita yenyewe huenda ni nzima kabisa. Inasimamia kipengele kimoja tu cha hesabu yenye vipengele vingi, na kikubwa kuliko vyote ni hewa ya chumba ambamo tangi limekaa.

Kwa hiyo nitaanza na chumba, vifaa vitafuata. Mtu akishajua chumba chake kiko digrii ngapi saa kumi na moja alfajiri na saa tisa alasiri, sehemu kubwa ya manunuzi aliyoyapanga hataihitaji tena, na yatakayobaki atayachagua kwa akili.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama mwenyewe. Ndani ya nyama ya tumbawe umo mwani wa chembe moja uitwao zuzanthela, ambao hutumia mwanga kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula chake. Maji yakizidi joto, usanisinuru wa mwani huo huvurugika na kuanza kutoa oksijeni ya aina inayounguza seli. Tumbawe hujiokoa kwa kuutema. Hapo ndipo linapopauka, kiunzi chake cha chokaa kikionekana kupitia nyama inayopitisha mwanga. Linakuwa bado hai, ila lina njaa, na njaa hiyo ikidumu hufa.

NOAA, mamlaka ya bahari na anga ya Marekani, hupima hatari hii baharini kwa njia ambayo hata mwenye tangi dogo sebuleni inamfaa kuijua. Wataalamu wake huchukua wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote mahali husika, kisha huhesabu maji yamepita wastani huo kwa kiasi gani na kwa wiki ngapi. Ongezeko la digrii 1 likidumu wiki 4, kupauka kunatarajiwa. Mzigo huo ukifika mara mbili, vifo vinatarajiwa. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, matumbawe mengi ya mwambao wa Kenya na Tanzania yalikufa kwa njia hiyo, na Aprili 2024 NOAA ilithibitisha wimbi la nne la kupauka duniani kote.

Kipimo hicho kina mambo mawili ndani yake. La kwanza, kikomo ni cha mahali. Maji ya mwambao wetu hukaa karibu digrii 25 mwezi Agosti na Septemba, kusi ikiwa imeyapoza, na hupanda hadi karibu 29 mwezi Machi, kaskazi inapoelekea ukingoni. Matumbawe ya Ghuba, upande wa Abu Dhabi, huvumilia majira ya joto ya digrii 34 na zaidi, joto ambalo lingewamaliza ndugu zao wa Unguja. La pili, muda unahesabiwa. Kupanda kwa saa tatu alasiri si sawa na kupanda kwa wiki tatu.

Nasisitiza hilo kwa sababu wafugaji wengi wanaliabudu neno uthabiti kiasi cha kukosa usingizi kwa nusu digrii. Kwenye kisiwa cha Ofu, Samoa ya Marekani, kuna vidimbwi vya nyuma ya mwamba ambavyo joto lake hubadilika hadi digrii 6 ndani ya siku moja maji yanapokupwa, na matumbawe yamo humo yanaishi. Watafiti wamekuwa wakiyachunguza kwa miaka mingi kwa sababu yanastahimili joto kuliko ya vidimbwi vya jirani vilivyo tulivu zaidi. Tofauti ya digrii moja kati ya usiku na mchana kwenye tangi lako haitaua kitu. Kinachoua ni kuvuka dari, au kuruka digrii tatu nne kwa siku moja wakati wanyama wamezoea maji yaliyotulia. Wafugaji wengi hukaa kati ya 24 na 27, nami sioni sababu ya kubishana nao. 28 naiona kuwa mahali pa kuanza kuwa na wasiwasi.

Samaki nao wana lao. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo: maji ya bahari yenye digrii 25 hubeba karibu miligramu 6.7 kwa lita yakiwa yameshiba, na yakifika 30 hubeba karibu 6.2. Hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Nairobi iko juu mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, na maji yaleyale hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Anayefuga Nairobi na kusoma ushauri ulioandikwa na mtu wa pwani asisahau hilo. Tangi lake likipata joto, samaki huanza kuhema mapema zaidi.

Joto linaingia wapi, linatoka wapi

Tuchukue tangi la mfano, lenye urefu wa sentimita 100, upana 50 na kimo 50, likiwa na lita 230 za maji. Kuliongezea digrii 1 kunahitaji nishati ya karibu robo yuniti ya umeme, hata kama hakuna joto linalopotea njiani. Hiyo ni akiba kubwa. Ndiyo maana maji hayafuati chumba papo hapo. Huchukua saa nyingi kukubali kubadilika.

Joto huingia kwa njia zisizoonekana kirahisi. Pampu ya kurudisha maji kutoka tangi la chini, lile dogo la kuchujia, na pampu mbili za kutengeneza mkondo zikila jumla ya wati 45, karibu zote huishia majini kama joto, kwa kuwa pampu inayozama haina pengine pa kulipeleka. Taa za LED zilizoning'inizwa juu hupeleka sehemu ya joto lake hewani, lakini mwanga unaogonga mawe na mchanga nao hugeuka joto. Jua la dirishani huongeza lake, tena bila kuzimika kwa swichi. Na kuna ukuta. Nyumba ya tofali za saruji yenye ukuta unaotazama magharibi hunywa jua mchana kutwa na kulitoa ndani kuanzia jioni, kwa hiyo tangi lililosogezwa kwenye ukuta huo hupata joto usiku wakati mwenyewe anadhani hatari imepita. Chini ya mabati yasiyo na dari ni vibaya zaidi. Ukuta wa ndani, mbali na jiko na dirisha, ni kiyoyozi cha bure.

Joto hutoka kupitia kioo, kupitia uso wa maji, na kwa uvukizi. Kwa tangi letu la mfano, kila digrii 1 ambayo maji yanazidi chumba hupoteza takribani wati 15 kupitia kioo na uso wa maji. Juu ya hizo, lita moja ya maji inayovukizwa kwa siku huondoa joto sawa na wati 28 zinazofanya kazi usiku na mchana. Tangi lisilo na kifuniko hupoteza lita mbili kwa urahisi, yaani wati 56, na pengine zaidi kukiwa na upepo.

Ukijumlisha vyote hivyo unapata kitu ambacho kila tangi linacho na wachache wamewahi kukipima: tofauti yake ya asili na chumba. Tangi lenye kifuniko na pampu za kawaida huweza kukaa digrii 2 au 3 juu ya wastani wa chumba bila hita yoyote. Lililo wazi, kwenye hewa kavu, linaweza kukaa sawa na chumba au hata chini yake. Nimesema wastani makusudi. Kwa kuwa maji hubadilika polepole, tangi la ukubwa huu huchukua zaidi ya nusu siku kulifikia joto jipya la chumba kwa sehemu kubwa, kwa hiyo baridi ya alfajiri ya saa tatu nne hulipita likiwa limeshuka kidogo tu. Tangi la lita 40 halina subira hiyo. Lina kioo kingi kwa kila lita, na alfajiri ya Julai utaiona kwenye kipimajoto chake.

Kuijua tofauti hiyo hakuhitaji maabara. Chagua siku mbili tatu za hali ya hewa ya kawaida, kabla hujaweka wanyama ikiwezekana, zima hita na feni, acha pampu na taa zifanye kazi kwa ratiba yake. Andika joto la chumba na la maji alfajiri, adhuhuri, alasiri na kabla ya kulala. Rudia msimu ukigeuka. Karatasi hiyo itakueleza zaidi ya ushauri wa muuzaji yeyote. Lakini kwanza hakikisha kipimajoto chako kinasema kweli: saga barafu, changanya na maji safi kidogo kwenye kikombe mpaka iwe uji, koroga, zamisha. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 1.2, basi unajua cha kutoa. Zile karatasi za kubandika kwenye kioo nisingezitegemea kwa matumbawe, kwani husoma kitu kilicho katikati ya maji na chumba.

Feni, mtungi na unyevu wa pwani

Ushauri unaozunguka zaidi wakati wa joto ni feni ndogo ya kupuliza juu ya maji. Ni ushauri mzuri, ila haufanyi kazi sawa kila mahali, na sababu yake iko kwenye mtungi wa udongo. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu yanapenya kwenye udongo, yanavukizwa nje, na kila tone linaloondoka hubeba joto. Dodoma mtungi hupoza hadi meno yakauma. Dar es Salaam, mwezi Machi, mtungi uleule hukupa maji ambayo ni baridi kwa jina. Hewa ya pwani tayari imebeba mvuke mwingi, haina haraka ya kupokea mwingine.

Feni juu ya tangi inafuata sheria hiyohiyo, na unaweza kujua kikomo chake kabla hujainunua. Funga kitambaa chepesi cha pamba kwenye ncha ya kipimajoto, kiloweshe, kisha kipulizie feni kwa dakika kadhaa. Namba itakayobaki hapo ndiyo sakafu: hakuna feni itakayoyashusha maji chini yake, na kwa kawaida maji hubaki digrii moja au zaidi juu yake kwa sababu ya pampu na taa. Hewa ya digrii 32 yenye unyevu wa asilimia 70, ambayo mtu wa Dar anaijua vizuri, huipa sakafu hiyo karibu 27. Hewa ya digrii 30 yenye unyevu wa asilimia 40, kama ya Dodoma wakati wa kiangazi, huipa karibu 20. Kwa hiyo mkazi wa Dar anayelenga 25 kwa feni anatwanga maji kwenye kinu, na mwenzake wa Dodoma au Nairobi akiiacha feni ikizunguka usiku kucha ataamka na tangi la baridi. Feni lazima ifungwe kwenye kidhibiti cha joto kama hita inavyofungwa.

Bei ya feni ni maji. Inayovukizwa ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi letu likipoteza lita 4 kwa siku bila kujazwa, chumvi hutoka sehemu 35 kwa kila elfu hadi karibu 40 ndani ya wiki moja, na hapo matumbawe yana tatizo kubwa kuliko joto ulilokuwa unalikimbia. Jaza kwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kila siku, na ukiweza kwa boya linalojaza lenyewe. Anayetaka kutumia feni na hana uhakika wa kuwa nyumbani kila jioni aanze na boya.

Lengo la kuchagua

Hapa ndipo ninapotofautiana na miongozo mingi, ambayo hutoa namba moja kwa dunia nzima, mara nyingi 25 au 26. Ndani ya 24 hadi 27 kuna nafasi ya kutosha kuchagua, na chaguo bora ni lile lililo karibu na mahali ambapo tangi lingekwenda lenyewe. Dar es Salaam, chumba kisicho na kiyoyozi kikiwa na wastani wa 29 au 30 msimu wa kaskazi, kupigania 25 ni kununua vita ya kila saa; 27 inayotulia ni afya zaidi kwa wanyama, na matumbawe mengi yametoka kwenye maji ya namna hiyo. Nairobi, chumba kikiwa na wastani wa 20 mwezi Julai, 25 inatosha. Kuipeleka 27 ni kulipia digrii mbili za ziada miezi yote ya baridi.

Sababu kubwa zaidi ni siku ya hitilafu. Umeme ukikatika, maji huanza safari ya kurudi kwenye joto la chumba. Lengo likiwa karibu na chumba, safari ni fupi.

Baada ya lengo, weka nafasi katikati. Hita iwake maji yakishuka hadi 25, feni au kipozaji kiwake yakifika 26.5, na kati ya namba hizo mbili kila kitu kinyamaze. Nimeona matangi ambayo hita imewekwa 26 na feni 26, na vifaa vyote viwili vinafanya kazi kwa wakati mmoja, kimoja kikitia joto na kingine kikilitoa, umeme ukiliwa pande zote mbili huku mwenyewe akilalamikia bili.

Ratiba ya taa nayo ni kidhibiti cha joto, hata kama haikuuzwa kwa jina hilo. Zikiwashwa kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku badala ya saa nne asubuhi hadi saa kumi, Dar unaepuka kuongeza joto juu ya joto la alasiri, na Nairobi unapata joto la ziada pale chumba kinapoanza kupoa. Matumbawe hayajali saa yako. Yanajali urefu wa mwanga. Tena wengi wetu tuko nyumbani jioni, tunaona tulichokilipia.

Hita na jinsi zinavyoharibika

Turudi kwenye swali la wati. Nairobi, Julai, nje usiku karibu digrii 12, chumba kinaweza kufika 17 alfajiri. Kulishika tangi letu kwenye 25.5 saa hiyo kunahitaji wati 128 za kufidia kioo na uso wa maji, jumlisha 56 za uvukizi, toa 45 za pampu: karibu 140. Kwa wastani wa siku nzima, chumba kikiwa 20, mahitaji ni karibu 93, yaani yuniti 2 na kidogo kwa siku. Hita mbili za wati 100 zinatosha vizuri. Kifuniko cha kioo kikipunguza uvukizi nusu, zinatosha kwa raha.

Kwa nini mbili, na si moja ya 300? Kwa sababu hita huharibika kwa njia mbili, na mbaya zaidi ni ya kuwaka bila kuzima. Ndani ya hita nyingi za kawaida kuna kipande cha metali kinachojipinda kwa joto na kugusanisha ncha za swichi. Kila zinapogusana panatoka cheche ndogo, na baada ya maelfu ya miguso ncha huweza kugandana. Hita ya wati 300 ikiganda hivyo Nairobi, maji hupanda karibu digrii 1 kila saa mwanzoni na yanaweza kuvuka 33 kabla ya kusimama. Hita ya wati 100 ikiganda kwenye chumba cha digrii 20, tangi huishia karibu 26. Utagundua kwa bili, au kwa kushangaa kwamba hita ya pili haiwaki kamwe. Udogo wake ndio ulinzi.

Hesabu hiyohiyo huko Dar inatoa jibu jingine. Chumba kikiwa 30, hita ya wati 100 iliyoganda inaweza kulipeleka tangi zaidi ya 33. Msimu wa kaskazi hita haina kazi ya kufanya na ina hatari ya kuleta, kwa hiyo ichomolewe kwenye soketi na kuwekwa kabatini hadi mvua za masika zipoze chumba. Sijawahi kuelewa kwa nini watu wa pwani huziacha majini mwaka mzima.

Kidhibiti cha nje chenye kihisi chake ni pesa nzuri. Kiwekee 25, na thamostati ya hita yenyewe iweke digrii moja juu, 26. Kidhibiti kikiganda, thamostati itakata. Thamostati ikiganda, kidhibiti kitakata. Kihisi kifungwe imara mahali ambapo hakiwezi kubaki hewani hata maji yakipungua, kwa sababu kihisi kilichochomoka na kulala kwenye hewa ya digrii 19 kitaagiza hita iwake mpaka kesho. Na kama una tangi la chini lenye hita na kihisi, fikiria pampu ya kurudisha maji ikisimama: maji ya chini yanapashwa, kihisi kinaridhika, na juu wanyama wanapoa bila kengele yoyote kulia. Hapo ndipo kipimajoto cha pili, cha bei ndogo tu, juu kwenye tangi la maonyesho, kinapolipa gharama yake.

Kubadilisha maji kwa pupa ni mtego mwingine wa msimu wa baridi. Lita 46 zilizolala kwenye ndoo usiku kucha zikiwa digrii 19, zikimiminwa kwenye tangi la 25.5, hulishusha hadi 24.2 ndani ya dakika chache. Hita ndogo kwenye pipa la kuchanganyia chumvi, saa chache kabla, inalimaliza suala hilo.

Kiyoyozi na kipozaji

Kiyoyozi cha chumba ndicho kifaa bora cha kupoza tangi pwani, kwa sharti moja gumu: kiwe kinafanya kazi saa zote au kisihesabiwe kabisa. Kinapoza hewa, na pia kinaikausha, kwa hiyo feni juu ya maji inapata nguvu ambayo haikuwa nayo. Lakini kiyoyozi cha kulalia, kinachowashwa saa tatu usiku na kuzimwa asubuhi, hulitikisa tangi kila siku, na dogo ndilo huumia zaidi. Muscat hali ni kali zaidi: familia ikifunga nyumba Julai na kwenda Salalah, kusini mwa Oman, kwa khareef, yaani msimu wa manyunyu na ubaridi, kiyoyozi kikizimwa ili kuokoa umeme, matumbawe yataachwa kwenye chumba chenye joto kuliko bahari yoyote waliyotoka.

Kipozaji cha maji chenye kompresa hufanya kazi kama friji, na joto kinalolitoa majini hukitoka kwa nyuma pamoja na joto la umeme kinaoula. Ukikifungia kwenye kabati chini ya tangi, kinapasha kabati, kabati linapasha tangi, nacho kinaendelea kuzunguka bila kupumzika. Kipe nafasi ya kupumua, ikiwezekana upande wa pili wa ukuta, kwenye korido au varanda yenye kivuli. Kwa tangi la lita mia mbili hivi ndani ya nyumba yenye kiyoyozi cha kudumu, mara nyingi hakihitajiki.

Umeme ukikatika

Watu hukimbilia joto, ilhali kinachotangulia kuisha ni oksijeni. Pampu zikisimama, mkondo unasimama, na samaki wanaweza kuzidiwa kabla maji hayajabadilika digrii mbili. Pampu ndogo ya hewa ya betri, au pampu moja ya mkondo kwenye inveta, ndiyo ya kwanza kuandaliwa. Hita kwenye inveta humaliza betri haraka mno, iache.

Joto lenyewe huja polepole. Tangi letu Nairobi, chumba kikiwa 18, huanza kupoa kwa karibu nusu digrii kwa saa, na mwendo hupungua kadiri maji yanavyokaribia chumba. Blanketi kwenye vioo vitatu na kifuniko juu hupunguza hasara sana, mradi hewa ya pampu ipite. Dar, kinyume chake, usifunike. Weka chupa ya lita moja na nusu ya maji yaliyoganda, iliyooshwa nje na kufungwa vizuri, kwenye tangi la chini. Ikiyeyuka na kufikia joto la maji itakuwa imelishusha tangi letu karibu digrii 0.7. Usitie barafu yenyewe majini, kwani inazimua chumvi. Chupa mbili tatu zikae kwenye friza tangu Desemba.

Mwishoni mwa Mei, kabla baridi ya bara haijaingia, toa hita zote na uzijaribu kwenye ndoo ya maji yenye kipimajoto, moja moja, uone inawaka kwa joto gani na inazima kwa lipi. Iliyopitisha namba yake kwa zaidi ya digrii moja, au yenye ukungu wa maji ndani ya kioo, usiirudishe. Chomoa umeme na subiri dakika kumi na tano kabla ya kuitoa majini. Kioo cha moto kikikutana na hewa ya baridi hupasuka.